Celeste ikikusumbua: anza na dalili, ndipo utafute chanzo

Celeste ni gemu ya kuruka na kukwea mlima iliyotoka tarehe 25 Januari 2018. Waliotangulia kuiunda ni Maddy Thorson na Noel Berry, wakiwa Kanada, na muziki wake ni wa Lena Raine. Mbegu yake ni kigemu kidogo walichokitengeneza kwa siku nne mwaka 2015 kwenye PICO-8, mashine ya kubuni yenye skrini ya pikseli 128 kwa 128. Gemu kubwa imebaki na sura hiyo ya kizamani: pikseli nene, chumba kimoja kimoja, binti mmoja aitwaye Madeline, na vitendo vitatu tu. Anaruka, anashikilia ukuta, anachomoka, yaani anajirusha ghafla kwa kasi upande mmoja.

Jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui ni kwamba gemu hii inakusamehe sana. Ukichelewa kuruka na miguu ikawa imeshatoka ukingoni, unapewa sekunde 0.1 ya ziada, yaani fremu 6 (picha sita za gemu zinazofuatana), na bado ataruka kama vile yuko ardhini. Ukiwahi kubonyeza kabla hajatua, gemu inakumbuka kitufe chako kwa sekunde 0.08 na kumrusha anapogusa chini. Akigonga kona ya dari kwa pikseli 4 au pungufu, anasogezwa pembeni apite. Hata mwili wake unaoweza kuumizwa na miba ni mfupi kidogo, chini miguuni, kuliko mwili unaokanyaga ardhi.

Kwa hiyo unapohisi unaonewa, ulibonyeza na hakuruka, ulimtuma juu akaenda pembeni, usikimbilie kujilaumu na usikimbilie kuifuta. Walioiandika walikuwa upande wako. Mara nyingi kuna kitu kimekaa katikati ya kidole chako na skrini, au kuna kanuni ambayo gemu inakuonyesha kwa rangi na wewe hujaisoma.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, jiulize swali moja: tatizo linanifuata kila chumba, au linanisubiri mahali pamoja? Linalokufuata kila chumba ni la mashine, pedi, kibodi au skrini. Linalokusubiri mahali pamoja karibu kila mara ni kanuni ya gemu yenyewe. Swali hili litakuokoa jioni nzima ya kubadilisha vitu visivyohusika.

Gemu haifunguki, au inafunguka na kujifunga

Mahitaji yake ni madogo: Intel Core i3 M380, RAM ya GB 2, kadi ya picha ya Intel HD 4000, na nafasi ya GB 1.2 hivi kwenye diski. Laptopu ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha tatu inaiendesha vizuri. Ya kizazi cha pili ina HD 3000, ambayo iko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo ikigoma hapo hujakosea kitu.

Chanzo ninachokishuku kwanza kwenye laptopu za mtumba ni draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Aliyeiuza alipiga Windows upya, hakuweka draiva, na skrini inawaka kama kawaida kwa sababu Windows ina draiva yake ya dharura. Fungua Device Manager, nenda sehemu ya kadi za picha. Ukikuta jina "Microsoft Basic Display Adapter", umeshapata jibu: kadi yako ipo lakini haitumiki. Weka draiva ya mtengenezaji wa laptopu au ya Intel, zima na uwashe, kisha jaribu tena.

Kama draiva ipo na bado inajifunga, fungua folda ya gemu utafute faili la errorLog.txt. Kila inapoanguka huandika humo ilikoangukia. Huhitaji kujua kuandika programu ili kulisoma. Tafuta mistari ya juu kabisa na uangalie inataja nini: picha, sauti, faili lisiloonekana, au modi (nyongeza isiyo rasmi) uliyoweka. Neno hilo moja ndilo linalokuambia uende sehemu gani ya mwongozo huu.

Likitaja mambo ya picha, lazimisha gemu itumie njia nyingine ya kuchora. Hii ni kwa matoleo yaliyojengwa juu ya FNA, msingi wa programu unaoweza kuchora kwa Direct3D, Vulkan au OpenGL. Kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na kwenye nafasi ya maagizo ya kuwashia andika `--graphics OpenGL`. Kadi za zamani mara nyingi huelewana na OpenGL kuliko Vulkan.

Likitaja faili lisiloonekana, iambie Steam ikague mafaili ya gemu. Itapakua yaliyopungua tu, si gemu nzima, jambo muhimu kwa anayenunua bando. Angalia pia kama antivairasi haijalizuia faili fulani.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hii lakini chanzo chake ni tofauti kabisa: muziki unasikika, skrini ni nyeusi. Hapo gemu haijaanguka, imejifungulia kwenye skrini ambayo haipo, kwa mfano runinga uliyoitumia jana. Ifunge, ingia folda ya Saves, fungua faili la settings.celeste kwa Notepad. Ndani ni maandishi ya kawaida. Tafuta mstari wa Fullscreen, badilisha true iwe false, hifadhi. Ukiona tabu, lifute kabisa faili hilo moja. Gemu italitengeneza jipya. Mafaili yenye namba usiyaguse, hayo ndiyo safari yako yote.

Picha inakatakata, au pikseli hazilingani

Haya ni mambo mawili, na watu huyachanganya.

Kukatakata kwa mwendo kwanza. Celeste inahesabu ulimwengu wake mara 60 kwa sekunde, bila kujali skrini yako ni ya kasi gani. Skrini ya Hz 60, yaani inayojichora mara 60 kwa sekunde, inapokea fremu moja kila inapojichora. Ya Hz 120 inaionyesha kila fremu mara mbili, bado ni sawa. Lakini ya Hz 144 haigawanyiki kwa 60: fremu nyingine zitaonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na jicho linaona mwendo unaosuasua ingawa mashine ina nguvu tele. Ya Hz 75 nayo ni hivyohivyo, kila fremu ya nne inakaa maradufu. Dawa ni kuishusha skrini hadi Hz 60 au 120 kwenye mipangilio ya Windows. Ni ajabu kidogo kwamba mwenye skrini ya gharama anaweza kuona vibaya kuliko mwenye ya bei ya chini, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Kama skrini yako ni Hz 60 na bado inakata, tazama kama laptopu iko kwenye hali ya kubana betri, kama ina kadi mbili za picha na gemu imepewa ile dhaifu, na kama kuna kitu kinachopakuliwa nyuma. Chomeka chaji ujaribu tena kabla ya lolote. Mashine ikizidiwa sana, utaona Madeline mwenyewe anakwenda polepole kama yuko majini.

Sasa pikseli. Ulimwengu wa Celeste unachorwa kwa pikseli 320 kwa 180, kisha unakuzwa ujaze skrini. Kwenye 1920×1080 unakuzwa mara 6 kamili. Kwenye 1600×900, mara 5 kamili. Kwenye 2560×1440, mara 8. Laptopu nyingi za bei nafuu ni 1366×768, na hapo ukuzaji ni mara 4.27 hivi. Pikseli haiwezi kuwa 4.27, kwa hiyo nyingine zinakuwa 4 na nyingine 5. Utaiona kwenye uso wa Madeline anapotembea, jicho moja linanenepa na kukonda. Watu hubadilisha draiva, hubadilisha kebo, na hakuna kinachosaidia kwa sababu hakuna kilichoharibika. Zima skrini nzima, weka dirisha kwenye ukubwa wa mara 4, yaani 1280×720. Utapoteza ukingo mdogo wa skrini, utapata picha safi kama ilivyochorwa.

Mistari myeusi juu na chini kwenye skrini za 1280×800 si tatizo. Gemu inalinda umbo lake isivutwe.

Nabonyeza, haitikii

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, na hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu.

Tuanze na kibodi. Kuchomoka kwenda juu-kulia ukiwa umeshikilia ukuta kunahitaji vitufe vinne kwa wakati mmoja: mshale wa juu, wa kulia, kitufe cha kushikilia, na cha kuchomoka. Kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kuona vitufe vinne vya aina yoyote kwa pamoja. Ndani yake nyaya zimepangwa kwa safu na mistari, na vitufe vitatu vikikaa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, kibodi haiwezi kujua kama cha nne kimebonyezwa, kwa hiyo inakinyamazia. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "kuchomoka juu-kulia kunagoma, juu-kushoto kuko sawa". Gemu haina upendeleo wa pande. Hizo ni nyaya.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua Notepad. Shikilia mshale wa juu na wa kulia, shikilia Z, kisha bonyeza X. Herufi x isipotokea, kibodi yako imeshindwa mchanganyiko huo. Rudia kwa mshale wa kushoto na kwa C. Ukishajua ni mchanganyiko gani unaogoma, ingia kwenye mipangilio ya gemu upange vitufe upya. Wengi hufaulu kwa kuhamishia mwendo kwenye W, A, S, D na vitendo kwenye J, K, L. Njia nyingine ni kuweka kushikilia ukuta kwenye Shift au Ctrl, maana vitufe hivyo kwa kawaida vimepewa waya wao.

Ila Shift ina mtego wake. Ukiibonyeza mara tano mfululizo, Windows inakatiza gemu na kuuliza kama unataka kuwasha vitufe vya kunata. Ukiishikilia ile ya kulia kwa sekunde nane, inauliza jambo jingine linalofanana. Ukiwa unaning'inia juu ya miba, hilo dirisha ni kifo. Ingia kwenye mipangilio ya urahisi wa matumizi ya Windows uzime njia hizo za mkato kabla hujaanza kucheza.

Ikiwa kinachokuchosha ni kushikilia tu, vidole vinauma, gemu inaruhusu kubadilisha namna ya kushika: bonyeza mara moja ashike na mara nyingine aachie, au kinyume kabisa, ashike muda wote hadi ubonyeze. Mwenye maumivu ya mkono asione haya kuitumia.

Upande wa pedi, dalili ya kawaida ni kutuma juu akaenda juu-pembeni. Madeline anachomoka pande nane tu, na kijiti cha pedi kinazunguka duara zima, hivyo gemu inalazimika kukisia ulimaanisha upande upi. Kijiti kilichochakaa, au cha pedi ya kuiga, hakirudi katikati sawasawa na kinavuta makisio. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `joy.cpl`, fungua pedi yako, na uangalie alama ya msalaba bila kugusa kijiti. Ikiwa haiko katikati, umeuona ugonjwa. Tumia vitufe vya msalaba badala ya kijiti. Kwa gemu hii mimi naona msalaba ni bora hata kwa pedi mpya.

Madeline akitembea mwenyewe, ni kijiti hichohicho au ni kifaa kingine ulichokisahau: usukani wa gemu za magari, pedi ya pili iliyo chini ya mto, au programu inayojifanya pedi. Chomoa vyote, ubaki na kimoja. Akifanya vitendo mara mbili kwa kubonyeza mara moja, pedi inasomwa kwa njia mbili, mara na Steam na mara na gemu. Zima usomaji wa Steam kwenye sifa za gemu, upande wa pedi.

Kisha kuna kuchelewa, na hili ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani. Kila kitufe kinafanya kazi, hakuna kinachokatika, lakini kila mruko unakosa kidogo. Ukicheza kwenye runinga, ni hapo pa kuangalia. Runinga za sebuleni huipitisha picha kwenye mapambo ya kuilainisha kabla ya kuionyesha, na zipo zinazoichelewesha milisekunde 100. Rudi kwenye ile namba ya mwanzo: sekunde 0.1 ndio msamaha wote unaopewa ukingoni. Runinga imeula wote kabla hujabonyeza. Tafuta hali ya gemu kwenye menyu ya picha ya runinga uiwashe, na kuchelewa kutapungua sana. Ikiwa runinga haina hali hiyo, zima kila kitu kinachoahidi mwendo laini.

Pedi ya bila waya huongeza kuchelewa kwake. Ichomeke kwa kebo, hata kwa majaribio. Ukigundua ghafla umekuwa mchezaji mzuri, hukubadilika wewe.

Anaachia ukuta, au anakataa kuchomoka

Sasa tumeingia kwenye kanuni. Tatizo hili linakusubiri mahali pamoja, kwa hiyo iache mashine.

Madeline ana pumzi, na gemu haikuonyeshi kipimo chake kwa mstari wala namba. Ana 110. Kuning'inia bila kusogea kunakula 10 kwa sekunde, hivyo anaweza kukaa sekunde 11. Kukwea juu kunakula zaidi ya 45 kwa sekunde, hivyo anamaliza yote kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kuruka moja kwa moja juu akiwa ameshika ukuta kunakula 27.5 kila mara, yaani miruko minne na pumzi imekata. Zikibaki chini ya 20 anaanza kumetameta mwekundu. Ukiona hivyo umeshachelewa kupanga, unatakiwa uwe unaondoka.

Anayelalamika "anaachia bila sababu" mara nyingi ameruka-ruka ukutani akidhani anaokoa muda. Kuruka huko kunamaliza pumzi haraka. Kuruka kwa kujirusha mbali na ukuta, bila kuushika, hakuli pumzi hata kidogo, na ndiyo maana wazoefu hupanda kuta ndefu kwa kujirusha nje na kurudi hapohapo. Pumzi hurudi zote anapokanyaga ardhi au anapogusa kito cha kijani. Kumgusisha tu ukuta mwingine hakumrudishii kitu.

Kuchomoka kunasomwa kwenye nywele. Nyekundu: anayo moja. Buluu: ameitumia. Waridi: anazo mbili, utaliona baadaye mlimani. Kanuni hii ilikuwepo tangu kile kigemu cha PICO-8. Ukibonyeza na hachomoki, usitazame vidole vyako, tazama kichwa chake. Ikiwa nywele ni za buluu, swali linahama: alichomoka lini bila wewe kutaka? Pengine kidole kimegusa kitufe mapema, pengine ulichomoka chumba kilichopita na hukukanyaga ardhi tangu hapo.

Miba nayo ina utaratibu. Miba inayoelekea juu inamuua anayeshuka au aliyetulia, siyo anayepanda. Vivyo hivyo kwa pande nyingine: ukienda upande uleule miba inakoelekea, unapita salama. Ukikwama kwenye chumba ambacho njia inaonekana kupita ndani ya miba, angalia kwanza unaelekea upande gani.

Na stroberi, matunda ya kukusanya njiani. "Nimeichukua, haikuhesabiwa" ni lalamiko la kila siku. Stroberi inakufuata, haijawa yako hadi ukanyage ardhi thabiti na kutulia kidogo. Jukwaa linaloporomoka halihesabiki. Ukifa kabla ya kutua, inarudi ilipokuwa. Ile yenye mabawa inaruka na kutoweka ukichomoka. Ingia chumbani kwa kutembea, uifikie kwa kuruka na kukwea tu.

Matofali yanabadilika nje ya mdundo

Kwenye vyumba vya kaseti, matofali ya buluu na ya waridi yanapokezana kufuata muziki. Ukiona yanabadilika kabla au baada ya mdundo, vua vipokea sauti vya Bluetooth. Kuchelewa kwake mara nyingi huzidi milisekunde 100, na masikio yanakudanganya wakati macho yanaona ukweli. Tumia vya waya au spika za laptopu. Kazi ya Lena Raine inastahili waya.

Sauti isipokuwepo kabisa, angalia kama kebo ya HDMI haijaihamishia kwenye runinga. Ukibadilisha mahali pa kutolea sauti, funga gemu uifungue upya.

Sevu imepotea

Tulia, usianze safari mpya juu yake.

Kwenye Windows, sevu ziko ndani ya folda ya gemu yenyewe, kwenye Saves: 0.celeste, 1.celeste na 2.celeste, moja kwa kila nafasi. Kwenye Linux ziko `~/.local/share/Celeste`, kwenye Mac ziko `~/Library/Application Support/Celeste`. Pembeni yake kuna folda ya Backups, na hiyo ndiyo tegemeo lako. Gemu inapohifadhi, huandika kwanza kwenye Backups, hukagua kama kilichoandikwa kinasomeka, ndipo hunakili kwenda Saves. Umeme ukikatika katikati, kwa kawaida moja kati ya hizo mbili inabaki nzima.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu. Funga gemu. Zima kwa muda hifadhi ya wingu ya Steam kwa gemu hii, la sivyo inaweza kurudisha ile mbovu juu ya nzuri. Nakili Saves na Backups zote mbili mahali pengine, hata kwenye flashi. Kisha chukua faili lenye namba ya nafasi yako kutoka Backups uliweke Saves. Fungua gemu. Ikirudi, washa wingu tena na ukubali ya kwenye kompyuta iwe ndiyo sahihi.

Ikiwa hasara inajirudia kila siku bila umeme kukatika, huenda Windows inaizuia gemu kuandika. Ulinzi wa folda dhidi ya virusi vya kuteka mafaili unaweza kufanya hivyo. Iongeze Celeste kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa. Vilevile, wanaofuta gemu ili kupata nafasi kwenye diski wahamishe folda ya Saves kwanza, maana iko mlemle ndani.

Macho na kichwa vinauma

Celeste inatikisa skrini na kumulika mara kwa mara. Kwenye mipangilio kuna kupunguza mtikisiko na kuna hali ya kuwalinda wanaodhurika na mwanga unaomulika. Mwenye historia ya kifafa aiwashe kabla ya kuanza, asisubiri dalili.

Kila kitu kiko sawa, bado siwezi kupita

Hili nalo ni tatizo halali, na waliounda gemu waliliwekea jibu ndani yake. Unapofungua nafasi yako ya sevu unaweza kuwasha hali ya msaada. Utapunguza mwendo wa gemu hadi asilimia 50, utampa Madeline pumzi isiyoisha, utamwongezea kuchomoka, au utamfanya asife. Anza na mwendo. Asilimia 80 inatosha kwa wengi, na mikono inajifunza njia ileile ambayo baadaye itaipita kwa mwendo kamili. Mzazi anayecheza na mtoto, mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi vizuri, mtu anayetaka kujua tu hadithi ya Madeline inaishaje, wote wana haki ya kufika kileleni.

Uliweka modi, na sasa haifunguki

Modi za Celeste karibu zote zinapita kwa Everest, programu ya kuwekea modi. Gemu ikisasishwa, Everest nayo inataka kusasishwa, na modi zilizobaki nyuma huangusha kila kitu. Sasisha Everest kwanza. Ikigoma, ingia folda ya Mods, fungua blacklist.txt, andika jina la faili la kila modi kwenye mstari wake. Zote zitazimwa bila kufutwa. Gemu ikifunguka, rudisha nusu ya modi. Ikianguka, mbaya iko kwenye nusu hiyo; igawanye tena nusu kwa nusu. Hata modi thelathini zinamalizika kwa majaribio matano.

Ukishaipata na bado hujui sababu, mpelekee aliyeiunda log.txt pamoja na errorLog.txt, toleo la Everest ulilonalo, aina ya kadi yako ya picha, na chumba ulichokuwa wakati ilipoanguka. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haimsaidii kitu. Mafaili hayo mawili ndiyo anayoyahitaji.